Nguruwe Hangoji Jumapili

Mapema mwaka huu nilifika Vihingo, katika nchi ile ya Kibaha na Kisarawe ambako wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam wamejipatia viwanja na kuanza ufugaji mdogo wa kuongezea mshahara. Mama mmoja alinionyesha nguruwe jike aliye mnene, mtulivu, na asiye na mtoto hata mmoja. Mumewe, ambaye hurudi nyumbani Jumamosi jioni tu, alikwisha kupitisha hukumu kwamba mnyama huyo ni tasa na kwamba mchinjaji angekuja kumchukua. Karo ya shule ya mtoto wao wa pili ilikuwa inategemea banda hilo. (Wasomaji ambao dini yao haiwaruhusu kumkaribia mnyama huyu naomba waniwie radhi kwa juma hili.)

Nilimwuliza mama ni lini nguruwe wake alipelekwa kwa dume. Akajibu, "Mara mbili, Jumapili zote, baba watoto akiwapo." Na ilikuwaje? "Alimkimbia dume na kupiga kelele hadi majirani wakatoka nje."

Kumbe hakuwa tasa hata kidogo. Nguruwe jike humkubali dume kwa siku 2 au 3 tu katika kila siku 21, na siku hizo hazichaguliwi na mwenye banda. Huchaguliwa na homoni, yaani vile vichocheo ambavyo tezi za mwili humwaga katika damu ili vipeleke amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Amri ya kwanza hutoka chini ya ubongo, katika tezi ndogo iitwayo pituitari, nayo huyaamsha mayai yaliyomo ndani ya ovari. Vifuko vya mayai hayo vinapokua hutoa homoni ya estrojeni, na hiyo ndiyo imbadilishayo mnyama: uke huvimba na kuwa mwekundu, chakula hakimvutii tena, huzungukazunguka na kuwapanda wenzake. Ukimkandamiza mgongoni kwa mikono miwili husimama tuli kama aliyepigiliwa misumari, masikio yakiwa wima. Akifanya hivyo, wakati umewadia. Harufu ya dume, itokanayo na povu la mate yake, humsaidia sana kufikia hali hiyo, na kwa hiyo jike aliyefungiwa peke yake mbali na dume huweza kupitisha siku zake pasipo mtu kujua.

Estrojeni ikifika kilele, pituitari humwaga homoni nyingine kwa wingi, na baada ya hapo vifuko hupasuka na mayai kutoka. Hayatoki mwanzoni mwa joto, bali siku ya pili, joto likielekea kwisha. Ndiyo maana mabwana mifugo hushauri apandishwe saa 12 hadi 24 tangu aliposimama kwa mara ya kwanza, kisha arudiwe baada ya saa 12 nyingine.

Palipotoka mayai huota vinundu vinavyotoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba, nayo huzuia joto jipya. Hapa pana jambo lililonistaajabisha mimi mwenyewe niliposoma habari hizi. Kwenye siku ya 12 hivi, mimba changa nazo hutoa estrojeni yao, kana kwamba zinabisha hodi. Kwa kawaida zinahitajika 4 au zaidi ili hodi hiyo isikike. Isiposikika, mji wa mimba humwaga prostaglandini, vinundu vikanyauka, na siku ya 21 jike hutafuta dume tena.

Jirani mmoja alikuwa amemshauri mama huyo amchome nguruwe sindano ya homoni. Nilimsihi asithubutu bila mganga wa mifugo. Prostaglandini ikichomwa kabla ya siku ya 12 kwa kawaida haifanyi kazi, na ikichomwa kwa mwenye mimba huitoa. Tena mwanamke mjamzito hapaswi hata kuishika dawa hiyo. Kuhusu dume la kuazima, ni vema kuuliza kwanza habari za banda linakotoka, kwa kuwa homa ya nguruwe ya Afrika huambukizwa kwa kugusana na haina dawa.

Mchinjaji aliambiwa asubiri. Mama akawa anamkandamiza nguruwe wake mgongoni kila asubuhi na jioni, jambo lililowachekesha sana watoto. Siku moja katikati ya juma, asubuhi, nguruwe akasimama tuli. Mume alikuwa kazini Dar es Salaam, lakini safari hii hakungojwa. Dume lililetwa jioni ya tarehe 3 Machi na kurudishwa asubuhi ya tarehe 4.

Tarehe 24 Machi, siku ya 21, mama alimkandamiza tena mgongoni. Nguruwe aliguna, akamponyoka na kwenda zake kwenye hori. Mimba ya nguruwe huchukua siku 114, nao watoto wamekwisha kuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa banda: 25 Juni.