Bayeri atengeneze waya za nyumba mbele ya kudai garanti

Wakaaji wenzetu wa Bukavu,

Nyumba ikiungua katika mji wetu, hata majivu hayajapoa utasikia jibu: «Ni kursirkwi.» Watu wanatikisa kichwa, wanasema pole, wanachanga kidogo kwa ajili ya familia iliyobaki inje, na maneno yanaishia pale. Sisi tunakataa yaishie pale. Kursirkwi haitoki mbinguni kama radi. Inatoka katika waya fulani, ndani ya ukuta fulani, wa nyumba yenye mwenyewe. Na mara nyingi huyo mwenyewe, bayeri, anapokea pesa ya nyumba kila mwezi.

Tuseme wazi ni nyumba gani tunazungumzia. Kule Ibanda, upande wa Muhumba, Nguba na Nyawera, kungali nyumba nyingi zilizojengwa na Wabelgiji mbele ya uhuru. Bagira vilevile, na sehemu za Kadutu. Ni nyumba za nguvu, na wazee wanazisifu kuliko hizi za leo. Lakini umeme wake uliwekwa kwa maisha ya wakati ule: taa moja kwa chumba, redio, pengine pasi. Waya nyingi za miaka ile zilivikwa mpira na kitambaa, si plastiki ya leo. Mpira ukikaa na joto miaka sitini unakauka, unapasuka, unamomonyoka ukiugusa. Shaba inabaki uchi ndani ya ukuta, na hakuna anayeiona. Prizi zenyewe nyingi zina matundu mawili tu, bila waya ya kupeleka umeme ardhini.

Na leo ni nani anakaa ndani? Si familia moja tena. Bayeri amekata sebule kwa triplex, amefanya vyumba viwili. Garaji imekuwa nyumba ya mtu. Nyuma, aneksi za mbao nne ama tano zimebanana. Wote hao wako kwenye kompteri moja na waya ile ile ya zamani, na kila aneksi inapata umeme kwa ralonji inayopita juu ya bati ama chini ya mlango, pale watu wanakanyaga na mvua inaingia.

Tufanye hesabu kidogo. Resho ya wati 2000, kwa umeme wa volti 220, inakula karibu amperi 9. Waya nyembamba ya taa, ile ya milimeta 1,5, kawaida inalindwa na dijonkteri ya amperi 10 ama 16. Weka resho mbili juu yake jioni, saa ile wamama wote wanapika haraka haraka juu hawajui delestaji itaanza saa ngapi: tayari ni amperi 18. Ongeza pasi. Na joto ndani ya waya halipandi sawasawa na umeme: umeme ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Njo maana waya iliyovumilia miaka mingi inaweza kuwaka siku moja tu ya sikukuu.

Mtatuambia kwamba dijonkteri iko pale ili ianguke. Ni kweli, na inaanguka. Lakini halafu? Wanaita fundi, fundi anaondoa ile ya 16 na kuweka ya 32, «ili isisumbue tena». Katika nyumba zenye fizibli ni mbaya zaidi: wanafunga kipande cha waya nene, ama karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Tangu siku ile, kitu cha kwanza kuyeyuka si fizibli tena, ni waya ndani ya ukuta ama juu ya plafo, pembeni ya mbao kavu. Kuweka dijonkteri kubwa bila kubadilisha waya ni kama kung'oa freni za motari juu zinapiga kelele. Fundi anayefanya vile anajua anachofanya, na tunamwambia bila kumficha: ni kosa lake pia.

Nyumba mbovu haikosi kutoa alama, na alama hizo haziombi diploma. Weka mkono juu ya kifuniko cha prizi baada ya kupika: ikiwa ya moto, kiungo cha ndani kimelegea ama waya imezidiwa. Doa la kahawia pembeni ya matundu ni moto ulioanza ukazimika wenyewe. Harufu ya plastiki iliyoungua, ambayo mnaisikia usiku na asubuhi hamjui ilitoka wapi, msiizoee. Sikilizeni kompteri na prizi: zikilia kama nyuki, kuna cheche ndani. Taa inayofifia kila mara jirani anapowasha resho inaonyesha kwamba mko wengi juu ya waya moja. Na mtoto akisema bomba la maji ama mlango wa frigo «unaniluma», musimucheke. Umeme umekwisha kutoka kwenye waya na unatafuta njia ya kwenda ardhini. Siku mikono yake itakuwa na maji, njia hiyo itakuwa mwili wake.

Angalieni pia pale waya zinaungana. Waya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa scotch si kiungo. Zaidi sana ikiwa moja ni ya aluminiamu na nyingine ya shaba: zinakulana polepole, zinalegea, zinapata joto. Bukavu ina viungo vya namna hii juu ya paa pengine kuliko misumari.

Kuna mambo mpangaji anaweza kufanya leo bila franga nyingi. Resho isikae kwenye ralonji, wala resho na pasi zisiwake pamoja. Ralonji iliyokunjwa ama kufichwa chini ya mkeka haipati nafasi ya kupoa, muinyooshe ama muiondoe. Umeme ukikatwa, zimeni vyombo vyote, maana unaporudi mara nyingine unarudi kwa nguvu isiyo sawa. Prizi ikiwaka moto, shusheni kwanza dijonkteri, mutupe mchanga. Maji hapana. Mtu akishikwa na umeme musimushike kwa mikono. Kateni umeme, na ikishindikana musukumeni na mti mkavu.

Lakini haya ni ya kupunguza hatari tu. Kubadilisha waya za nyumba nzima, kugawa laini ya taa na laini ya prizi (hizi zinataka waya ya milimeta 2,5), kuchimbia fimbo ya ardhi, kuweka dijonkteri diferansieli ya miliamperi 30 inayokata mbele mtu hajafa: hiyo si kazi ya mpangaji. Ni kazi ya bayeri. Hata sheria inasema vile. Kitabu cha mikataba, ambacho kinatoka kwa dekre ya 1888 (ndiyo, sheria hiyo ni mzee kuliko waya hizo zote), kinamlazimisha mwenye kupangisha kuitunza nyumba katika hali ya kukalika. Na sheria ya tarehe 31 desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Kila mmoja wenu anajua ni miezi mingapi aliombwa.

Sasa tuulize: garanti hiyo inalinda nini? Inalinda rangi ya ukuta na kioo cha dirisha. Mpangaji akivunja kitasa, wanamkata pesa. Waya zikimuunguzia mali yote, hakuna anayemrudishia kitu. Njo maana tunasema: mwenye kudai garanti mbele ya kutoa funguo aonyeshe kwanza kwamba nyumba yake haitaunguza watu.

Mabayeri wanatujibu kwamba wapangaji ndio wanaharibu, kwamba wanavuta laini za wizi na kuleta resho za ovyo. Hatukatai. Iko wapangaji wanaofanya vile, na wanahatarisha avenue nzima, maana aneksi moja ya mbao ikiwaka Kadutu, moto hauulizi mpaka wa parcelle. Lakini ni nani alipangisha nyumba ya familia moja kwa familia sita bila kuongeza hata waya moja? Na mpangaji akilalamika anaambiwa nini? «Kama hutaki, toka, bengine banaingoja.» Watu wananyamaza kwa woga wa kulala inje, si kwa ujinga.

Tarehe 2 februari 2022, kule Matadi-Kibala, Kinshasa, waya ya umeme wa nguvu kubwa ilianguka katika soko na kuua watu 26. Inchi nzima ililia. Waya za ndani ya nyumba zinaua mmoja leo, wawili mwezi ujao, na hakuna anayesimamisha kazi yake kwa ajili yao. Tunaomba kwa hiyo mambo ambayo mji unaweza kufanya. Mwenye kugawa umeme, awe nani, asifunge kompteri mpya kwenye nyumba ya zamani bila kuangalia waya za ndani. Komine iangalie nyumba za kupangisha zilizogawanywa, na orodha ianze na zile za zaidi ya miaka hamsini. Mpangaji aliyeandika malalamiko juu ya waya asifukuzwe mbele ya nyumba kukaguliwa. Na mji upate motari ndogo za kuzima moto zinazoweza kupita katika avenue zetu nyembamba, maana lori kubwa likikwama chini ya mlima halizimi kitu.

Sisi hatutangoja jibu tukiwa tumekaa. Kila jumamosi baada ya salongo tutapita nyumba kwa nyumba, tukianzia Bagira, pamoja na mafundi wa umeme waliokubali kujitolea. Hatutafungua prizi ya mtu bila ruhusa. Tutaangalia, tutaandika tulichoona kwenye karatasi mbili, moja ya mpangaji na moja ya bayeri, na wote watie sahihi. Bayeri asiyetaka kutia sahihi, tutaandika vilevile kwamba alikataa, na karatasi itakwenda komine. Mwenye fizibli ya karatasi ya sigara atuite wa kwanza.