Macho Yanayoona Nayo Yapimwe

Wengi wetu hudhani ya kuwa mtu aonaye vizuri hana haja ya kumwendea daktari wa macho. Mimi pia nilidhani hivyo hata likizo ya Desemba iliyopita. Leo nasema ya kuwa kwa mgonjwa wa kisukari dhana hiyo ni ya hatari.

Baba yangu ni fundi cherehani. Miaka minne iliyopita aliambiwa ana kisukari, akapewa dawa, tena akashauriwa akapimwe macho. Hakwenda. Kila tulipomkumbusha alichukua sindano, akatunga uzi mara moja, akacheka: "Jicho litungalo sindano lina ugonjwa gani?" Nasi tulicheka pamoja naye. Likizo ile mama alimshikilia sana, akakubali, nami nikaagizwa nimsindikize.

Aliposomeshwa herufi za ukutani hakukosa hata moja. Kisha alitiwa matone ya kupanua mboni, na daktari akatazama nyuma ya jicho. Akaona vidoadoa vyekundu katika macho yote mawili. Baba hakucheka tena.

Daktari alitueleza hivi. Nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, upokeao nuru na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Utando huo hulishwa na mishipa ya damu, mingine myembamba kupita unywele. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hudhoofika. Mahali pengine hutuna kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Pengine huvuja damu kidogo, au maji yenye mafuta. Hizo ndizo dalili za kwanza, na mgonjwa hasikii maumivu wala haoni tofauti yo yote. Ugonjwa ukiendelea, mishipa huziba, na jicho huotesha mingine mipya iliyo dhaifu, ambayo huweza kumwaga damu ndani ya jicho. Au maji hujaa katikati ya retina, mahali hasa tunapotumia kusoma na kutunga sindano. Hapo ndipo mtu hukimbilia hospitali. Matibabu ya mwali wa leza na ya sindano za jicho yapo, lakini uoni uliokwisha kupotea haurudi wote kila mara.

Basi mtu atajuaje mapema? Kwa kutazamwa tu. Tangu Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza chombo chake mwaka 1851, matabibu wameweza kuona ndani ya jicho bila kulipasua. Siku hizi hupiga na picha. Huko England upimaji wa kila mwaka kwa wagonjwa wa kisukari ulianza kuenezwa nchi nzima mwaka 2003. Uchunguzi wa England na Wales uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha ya kuwa ugonjwa huu haukuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi, kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini.

Wako watakaosema ya kuwa hospitali ni mbali, nauli ni ghali, na kazi ya siku nzima hupotea. Ni kweli. Lakini fundi asiyeona hupoteza kazi ya siku zote.

Wanafunzi wenzangu, hapa tuna kazi. Matone yale humfanya mtu aone ukungu na kuumizwa na jua kwa saa kadhaa. Baba alinishika bega mpaka kituo cha basi. Nauomba uongozi wa shule uwape ruhusa ya siku moja wanafunzi wenye mzazi wa kumsindikiza. Nanyi wazazi, kisukari cha watu wazima huweza kukaa miaka bila kujulikana. Kwa hiyo macho yapimwe mara ugonjwa ujulikanapo, kisha kila mwaka, au kama daktari atakavyoagiza.

Baba hakuhitaji leza. Aliagizwa kushika dawa, kuangalia sukari na shinikizo la damu, na kurudi kupimwa. Bado atunga sindano, lakini haifanyi tena kuwa ushahidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu mwenye nyumba hauoni.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu