Nduthi Yako Haitaki Kelele, Inataka Breki: Hesabu ya Msee Anayeanza Traki na Doh Kidogo

Jumapili asubuhi ukiwa karibu na Southern Bypass, ama ile barabara ya kwenda Naivasha, unazisikia kabla uzione. Nduthi zinapita zikilia kama nyuki waliochokozwa, na mama anayengoja mathree kwa stage anatingisha kichwa: "Hawa vijana wanatafuta nini?"

Wanatafuta spidi, na tusidanganyane, spidi ni tamu. Noma ni mahali wanaitafutia.

Ona hii hesabu. Ukiwa 140 kwa saa, unakula karibu mita 39 kila sekunde. Lori likikuingilia mbele, sekunde nzima inaweza kuisha kabla mkono wako ushike breki vizuri. Tena ukipandisha spidi mara mbili, umbali wa kusimama ukishashika breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara nne. Hiyo haijali kama wewe ni mkali ama umeanza jana.

Polisi wakifanya msako, barabara inanyamaza kidogo, halafu mbogi inarudi. Msako unamwambia kijana mahali asikimbize, haumwambii mahali anaweza kukimbiza. Na hapo ndipo stori ya traki inaingia.

Siku ya traki ni nini?

Si mashindano. Hakuna kombe. Unalipa, uwanja wa lami unafungwa, mnagawanywa kwa vikundi kulingana na uzoefu, na mnazunguka upande mmoja tu. Hakuna lori, hakuna punda, hakuna mtu anavuka. Kuna watu wa bendera na ambulensi iko standby. Afrika Kusini wana Kyalami, sakiti ya kilomita 4.5 hivi. Sisi tuna Safari Rally tangu 1953 na motokrosi pale Jamhuri, lakini sakiti kubwa ya lami ya kiwango cha Kyalami hatuna. Nafasi zikitokea ni chache na uwanja ni mdogo, kwa hivyo ukipata moja, usiende ukiwa ovyo.

Najua unachosema: "Hiyo ni ya watoto wa wadosi." Si lazima. Nduthi ya cc 150 ama 160, Pulsar, Apache ama Yamaha R15, inatosha kabisa kwa anayeanza. Uwanja mdogo una kona nyingi, na kona haijali cc. Msee wa cc 1000 anaweza kuficha ujinga wake kwa mstari ulionyooka. Wewe wa cc 150 huna pa kujificha, utajifunza tu.

Doh inapotelea wapi

Angalia vile vijana wengi wanaanza. Mshahara ukiingia, kitu cha kwanza ni eksozi ya kelele. Ya pili, stika na taa za rangi. Helmeti ni ile ya boda ya plastiki, tairi zimekuwa upara, na oili ya breki haijawahi kubadilishwa tangu nduthi itoke dukani. Kelele inaingia kwa video ya TikTok, breki haionekani. Ndio maana doh inaenda kwa kelele.

Geuza hiyo listi. Anza na mwili wako. Helmeti inayokushika vizuri na yenye alama ya ECE 22.05 ama 22.06, glavu za ngozi, buti linalofunika kifundo, na suti ya ngozi yenye kinga ya mgongo. Suti ndiyo ghali, kwa hivyo uliza mapema kama unaweza kukodisha, ama tafuta ya mtumba. Lakini helmeti usinunue mtumba: ikishaanguka vibaya inaweza kuwa imeharibika ndani na huwezi kuona kwa macho.

Pili, tairi. Ubavuni kuna namba nne baada ya herufi DOT. Ukiona 2319, hiyo tairi ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka wa 2019. Raba iliyozeeka inakauka na kupoteza mshiko hata kama meno bado yako. Usiende Kirinyaga Road ukapewa tairi "mpya" bila kusoma hiyo namba. Huhitaji tairi za mashindano, tairi nzuri za barabarani zinatosha.

Tatu, breki. Pedi zikibaki milimita mbili, toa. Oili ya breki inanyonya maji kutoka hewani, ikipata moto sana inachemka, na mkono unaingia kama umeshika sifongo. Badilisha kila miaka miwili, na kabla ya traki kama hujui ya mwisho ilikuwa lini. Hii kazi ni bei ndogo kuliko eksozi yoyote, na ndiyo inaamua kama utapinda kona ya kwanza ama utaenda kulima nyasi.

Usiku wa kuamkia traki

Mengine ni kazi ya mikono tu. Kaza nati zote. Cheni iwe na uchezaji kama kitabu cha nduthi kinavyosema, na ipakwe oili. Geuza usukani pole pole ukisikiliza beringi za shingo. Akselereta ukiiachilia, irudi yenyewe. Toa vioo vya pembeni na ufunge taa kwa tepu, ndio ukianguka vipande visitapakae.

Halafu kagua kama kuna mahali inavuja. Oili ikimwagika kwa lami, hauanguki peke yako, unawaangusha walio nyuma. Kama nduthi yako inapozwa kwa maji, kama R15, viwanja vingi vitakutaka utoe kulanti na uweke maji safi, kwa sababu kulanti inateleza. Ukirudi mtaani, rudisha kila kitu: vioo, taa, kulanti na presha ya tairi.

Na soma karatasi za bima yako kabla uende. Nyingi hazilipi kitu kilichotokea ukikimbiza, hata uwanjani. Nduthi kama ndiyo inakulisha, jiulize kama una doh ya kuitengeneza ikianguka. Kama huna, ngoja mwezi mwingine. Si aibu.

Serikali nayo?

Kila mwaka takwimu za NTSA zinaweka waendesha pikipiki karibu na juu kabisa ya orodha ya wanaokufa barabarani. Kujenga Kyalami yetu kutachukua miaka, sawa. Lakini parking kubwa za viwanja vya michezo hukaa tupu wikendi nyingi. Weka koni, walimu wawili na ambulensi moja, vijana wajifunze kufunga breki kwa nguvu na kupinda bila kuogopa. Gharama yake haifiki hata karibu na ile ya wodi ya mifupa.

Mpaka siku hiyo ifike, kitu kiko mkononi mwako ni hiyo listi. Mwisho wa mwezi unakuja, na fundi atakuonyesha eksozi mpya inang'aa. Muulize kwanza pedi za breki ni ngapi.