Ukingo wa Wembe

Mchoro wa nyanya ulio ukutani kwangu niliununua London. Muuzaji hakunificha: aliukata kwa wembe kutoka kitabu cha zamani, A Curious Herbal. Nikalipa.

Kitabu hicho ni cha Elizabeth Blackwell. Kati ya 1737 na 1739, ili kumtoa mumewe jela ya madeni, alichora mimea 500, akaichonga mwenyewe kwenye mabamba ya shaba, kisha akaipaka rangi kwa mkono. Hakuchora mapambo. Matabibu walikihitaji kitabu, na maelezo ya mimea na tiba zake aliyachonga kwenye kurasa zilizoandamana na picha.

Wauzaji hudai kwamba kukata kunawafikishia wengi sanaa. Huo ni uongo wa dukani. Kitabu kizima huuzwa mara moja. Michoro 500 huuzwa mara 500. Picha huwekwa fremu, maelezo huachwa yatima. Dawa inageuka kitu cha kulinganishwa na rangi ya mapazia.

Wanakata kwa sababu tunanunua. Mimi nilinunua. Ukiona ukurasa wenye ukingo wa wembe, usiulize hata bei.