Kisa cha San Francisco

Kutua kwa macho, yaani rubani kuongozwa na anachokiona nje, huponza hata anga likiwa safi. Usiku wa Julai 7, 2017, Airbus A320 ya Air Canada ilikuwa inatua San Francisco, katika njia ya kurukia ya 28R. Jirani yake, 28L, ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa. Marubani bado walitarajia njia mbili, na mbili wakaziona: 28R wakaidhania ndiyo 28L, wakajipanga na barabara ya pembeni, wakiidhania ndiyo 28R, ambako ndege nne zilisubiri kuruka. Walipaa tena wakiwa wameshashuka hadi kama mita 18 juu ya ardhi. Mkia wa ndege kubwa hukaribia kimo hicho!

Mtambo wa redio wa kuongozea kutua ulikuwapo. Masafa yake tu ndiyo hayakuwekwa, na kwa utaratibu wa kutua uliotumika yalitakiwa kuwekwa kwa mkono. Uchovu wa marubani ulichangia, sikatai, ila kwangu hoja iko hapo: macho yalikosa cha kuyabishia. Baadaye Wamarekani walipiga marufuku kutua kwa macho usiku uwanjani hapo ikiwa njia jirani imefungwa.