Dola Milioni 80 na Bado Hatukuogopa

Leo siasa naiweka pembeni, tuzungumze picha. Nataka kuizungumzia The Haunting, ile ya mwaka 1999, kwa sababu kila mjadala wa picha za kutisha ukianza lazima atokee mtu wa kuitaja kwa hasira, utadhani ilimwibia. Mimi nasema wana haki ya kukasirika. Ila naona wengi wanailaumu kwa kosa ambalo si kubwa, na kosa lenyewe wanaliacha lipite.

Kwa ambao hawajaiona, mkasa uko hivi. Nell ni mwanamke aliyemuuguza mama yake mgonjwa kwa miaka kumi na moja. Mama amekufa, na ndugu wanataka kumtoa kwenye nyumba aliyokuwa akiishi naye. Anapata habari za daktari anayetafuta watu wasiopata usingizi kwa ajili ya utafiti, anafunga mizigo yake na kwenda Hill House, jumba kubwa lililo mbali na watu. Huko anakutana na wenzake wawili, Theo na Luke. Wasichojua ni kwamba daktari anawadanganya: anachochunguza ni woga, na jumba amelichagua kusudi.

Sasa angalia walioshika kazi. Mwongozaji ni Jan de Bont, aliyetoka kutupa Speed (1994) na Twister (1996). Daktari ni Liam Neeson, Theo ni Catherine Zeta-Jones, Luke ni Owen Wilson, na Nell ni Lili Taylor. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 80. Kwa nje walitumia Harlaxton Manor, jumba la kweli la karne ya 19 huko Lincolnshire, Uingereza. Kwa ndani walijenga seti ndani ya kuba kubwa la Long Beach, California, lililowahi kuhifadhi ile ndege kubwa ya mbao ya Howard Hughes. Ilipotoka Julai 1999 ilishika namba moja Marekani wikiendi ya kwanza kwa zaidi ya dola milioni 33. Yaani watu walikwenda. Waliamini. Halafu wakatoka ukumbini wakinuna, na miezi michache baadaye picha ikateuliwa mara tano kwenye tuzo za Razzie, zile za kazi mbovu, ikiwemo ya picha mbaya kuliko zote za mwaka.

Hivi karibuni niliiweka nyumbani nikawaita watu watano, nione kama miaka imeitendea haki. Maoni yao yaligawanyika, na kwa kweli ndiyo yaleyale ambayo watazamaji wamekuwa wakiyasema tangu mwanzo.

Jamaa mmoja wa dawati la michezo alianza kulalamika hata saa moja haijaisha. Kwake tatizo ni kompyuta. Sanamu za watoto zinageuza vichwa, mashuka yanajitengeneza sura, dari linashuka kama kucha za mnyama, na mwishoni mzimu wa mwenye nyumba, Hugh Crain, unatokea mkubwa kama mti. "Hii katuni," akasema, akachukua simu yake.

Wa pili alisema mastaa wamekuja kuuza sura. Hapo sikumpinga sana. Zeta-Jones kapendeza kila anapopita, lakini ukiuliza Theo alifanya nini katika mkasa huu, jibu huna. Owen Wilson anatania mpaka pale sehemu ya moshi ya tanuri la ukutani, yenye kichwa cha simba, inapomkata kichwa. Sebule nzima ilicheka. Kwenye picha ya kutisha, mtu amekatwa kichwa, watu wanacheka!

Dada yangu ndiye peke yake aliyeitetea. Alikuwa akirudisha nyuma ili aangalie vyumba: milango ya kuchongwa, ngazi, vioo, lile tanuri lenyewe. Hayuko peke yake. Marehemu Roger Ebert, mhakiki maarufu wa Chicago, aliipa nyota tatu kati ya nne, na sababu zake kubwa zilikuwa mandhari, seti na sauti. Kama ungekuwa mnada wa samani, hata mimi ningenunua.

Wawili waliobaki walisema tu, "Si picha tu jamani, mnaichukulia serious ya nini?" Hao nitawarudia.

Kwanza hili la kompyuta. Ni kweli athari zile zimezeeka, lakini kuzeeka si hoja. Picha ngapi za zamani tunaona waziwazi kwamba zimwi ni mpira na damu ni rangi, na bado usiku huendi chooni peke yako? Kilichoiua The Haunting kiko kwenye maandishi. Katikati ya mkasa tunaambiwa kila kitu: Crain alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo, aliwatesa watoto waliomfanyia kazi, roho zao zimefungwa ndani ya jumba, na Nell ni uzao wa mke wake wa pili, hivyo kazi yake ni kuwakomboa. Basi. Kuanzia hapo Nell ni steringi na Crain ni adui, na sisi wote tunajua steringi na adui wanavyomalizana. Woga unageuka kuwa hesabu.

Linganisha na ilikotoka. Shirley Jackson aliandika riwaya ya Hill House mwaka 1959, na mwaka 1963 Robert Wise akaitengenezea picha, nyeusi na nyeupe, katikati ya kazi zake mbili kubwa za muziki, West Side Story na The Sound of Music. Humo mzimu huoni hata mmoja. Unasikia mlango ukigongwa, unaona mbao za mlango zikivimba kama kifua cha mtu anayepumua. Usiku mmoja Nell anashika mkono wa mwenzake gizani kwa hofu, anaubana, halafu taa inawashwa na mwenzake yuko mbali, upande mwingine wa chumba. Mkono ule ulikuwa wa nani? Hakuna anayejibu. Mpaka mwisho hujui kama jumba lina kitu au kama ni Nell anayevunjika taratibu.

Na hapa ndipo linaponiuma. Mkasa wa Nell ni wa kutisha hata bila mzimu. Msichana aliyebaki nyumbani kumuuguza mzazi wakati wenzake wanaolewa, wanasoma, wanahama. Mzazi anapofariki, wanaokuja msibani na magari ndio wanaopanga nyumba iuzwe lini. Tuseme ukweli, wadau, ni ukoo gani haumjui dada au shangazi wa namna hii? Nell anakwenda Hill House kwa sababu ni mahali pa kwanza palipomwita. Ukilishika hilo vizuri, jumba halihitaji kumrukia. Linatakiwa kumkaribisha tu, na wewe mtazamaji unatetemeka kwa sababu unaona anafurahi. Picha ya 1999 inaanza na jambo hili hili, dakika za mwanzo kabisa, na Lili Taylor anajitahidi, halafu wanalitupa ili tuangalie dari likishuka.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa na Hollywood jinsi woga unavyofanya kazi. Mwaka 1995 Popobawa alipoitikisa Pemba na Unguja, watu wazima waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi. Waulize ana sura gani, kila mmoja atakupa yake. Nguvu yake ilikuwa humo humo. Angetokea mtu na picha yake iliyochorwa vizuri, nadhani wengi wangerudi ndani kulala.

Na kama ushahidi huo hautoshi, angalia kiangazi kile kile cha 1999. Wiki moja baada ya The Haunting, The Blair Witch Project ilisambazwa Marekani nzima. Vijana waliipiga porini kwa kamera za mkononi kwa kiasi cha dola 60,000, kabla ya gharama za kuimalizia. Mchawi haonekani hata kucha. Ikakusanya karibu dola milioni 248 duniani. Wiki iliyofuata ikaja The Sixth Sense, kwa nusu ya bajeti ya The Haunting, ikavuka dola milioni 670.

Sasa niwarudie wale wa "si picha tu". Naichukulia kwa uzito kwa sababu ya sisi wenyewe. Kila nikikaa na vijana wanaotengeneza filamu hapa Bongo, wimbo ni ule ule: hatuna bajeti, hatuna kompyuta zenye nguvu, tungekuwa nazo mngeona. Mussa Banzi alipotutolea Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000 hakuwa na kuba la Long Beach, na ni majina ambayo wengi wa rika letu bado wanayakumbuka. Leo pesa kidogo ikipatikana inakwenda kwenye macho yanayowaka na moshi wa kompyuta, huku mwandishi wa mswada akilipwa mwisho, kama akilipwa. Dola milioni 80 zilishajaribu njia hiyo. Zikapata kicheko sebuleni kwangu.

Ushauri wangu kwa anayepanga kupiga picha ya kutisha mwaka huu ni mfupi. Tafuta nyumba moja ya kawaida, hata ya kupanga. Weka ndani mtu mwenye shida ninayoijua. Halafu gonga mlango, na usiniambie ni nani.

Wewe je, ni picha gani iliyokuahidi woga ikakupa usingizi? Na ni ipi iliyokufanya uwashe taa? Tubishane kwa hoja.

Nawakilisha.