Ati Halijapata Kuonekana

Msomaji, huenda wakumbuka furaha iliyoenea katika Bonde la Ufa mwezi wa Agosti 2022, Linet Chepkorir, binti wa miaka 24, alipochaguliwa na watu wa Kaunti ya Bomet awe Mwakilishi wao wa Wanawake Bungeni. Hakuwa na mali wala jina kubwa. Watu walimwita "Toto" kwa udogo wa umri wake, naye badala ya kukasirika alilichukua jina hilo, akaliombea kura, akapata zaidi ya laki mbili. Hapa Nakuru, katika chumba chetu cha walimu, habari hiyo ilizungumzwa kwa siku kadha, na neno lililorudiwa na wengi, wenye kusifu na wenye kubeza sawasawa, lilikuwa moja: ati jambo kama hilo halijapata kuonekana.

Neno hilo si kweli, nami nataka kulipinga mbele yako, kwa sababu lina madhara kuliko linavyoonekana.

Miaka 48 kabla ya uchaguzi huo, yaani katika mwaka wa 1974, watu wa Eldoret Kaskazini, katika Bonde hili hili la Ufa, walimpeleka Bungeni Chelagat Mutai. Naye alikuwa na miaka 24. Alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alikwisha kujulikana kwa ulimi usioogopa wakubwa. Wala siku hizo hapakuwa na kiti kilichotengwa kwa wanawake katika kila kaunti, kama Katiba ya 2010 ilivyokuja kuweka. Alishindana na wanaume kwa kiti kile kile walichokitaka wao. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na aliyenyosha kidole kuikosoa Serikali alijua vema anachokihatarisha.

Yeye alikinyosha. Jambo lililomwumiza moyo ni ardhi: mashamba waliyoyaacha wazungu yalikuwa yakipita mikononi mwa wenye fedha na vyeo, na maskini waliozaliwa kando ya mashamba hayo wakibaki watazamaji. Mwaka 1976 alishtakiwa kwamba amewachochea watu wafanye ghasia katika shamba la mkonge la Ziwa, akafungwa miaka miwili na nusu. Hebu fikiri, msomaji: mbunge, msichana ambaye hajafika hata miaka thelathini, anavuliwa kiti chake na kuvishwa nguo za gereza. Wengi wangalitoka humo wakitafuta kazi ya kimya. Chelagat alitoka akarudi kwa watu wake, nao mwaka 1979 wakamchagua tena. Kwangu mimi uchaguzi huo wa pili ndio mkubwa kuliko wa kwanza, maana safari hii walimjua barabara.

Mwaka 1981 Waziri Charles Njonjo aliwabandika wabunge saba wakaidi jina la dhihaka, "madada wenye ndevu." Miongoni mwao alikuwamo Koigi wa Wamwere, Mbunge wa Nakuru Kaskazini, na James Orengo, na Chelagat, mwanamke. Tazama jinsi mzaha huo ulivyotungwa: kuwatukana wanaume, waziri aliona inatosha kuwaita wanawake.

Wapo watakaoniambia kwamba mwisho wake haukuwa mzuri. Kwamba mwaka huo huo alishtakiwa kwa madai ya uongo ya fedha za safari, akakimbilia Tanzania, akapoteza kiti. Ni kweli, sifichi. Lakini nauliza, ni wangapi wa wakati ule waliodai fedha hizo bila kuguswa, kwa kuwa walijua kunyamaza? Alirudi baadaye, akaishi miaka mingi pasipo cheo, na akafariki Julai 2013. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu habari zake, darasa lote lilinyamaza. Sikuwalaumu, hata mimi nilimjua nikiwa mtu mzima, nimekwisha kutoka chuo cha ualimu.

Na sasa nieleze madhara niliyoyataja. Likisemwa kwamba jambo halijapata kuonekana, kila msichana analazimishwa kuanza upya kujitetea, kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Mwenzangu mmoja alisema juu ya Linet, "Kesho ataolewa, tutamwona wapi?" Nikamkumbusha John Paul Mwirigi wa Igembe Kusini, aliyeshinda ubunge 2017 akiwa na miaka 23 tu, akiomba kura kwa miguu. Je, alimwuliza yeye ataoa lini? Alicheka, akanywa chai yake.

Hapa kwetu Nakuru, mwaka huo wa 2022, wapiga kura walimchagua Susan Kihika kuwa Gavana, Tabitha Karanja kuwa Seneta, na wanawake wanne katika majimbo 11 ya Bunge: Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati. Sisemi kwamba wote hufanya vema. Mwanamke akitawala vibaya na akosolewe kama mwanamume, kwa kazi yake, si kwa nyumba yake. Nasema tu kwamba wapiga kura wametutangulia sisi walimu.

Maana katika shule moja niliyofundisha, yenye wavulana na wasichana, kiranja mkuu alikuwa mvulana kila mwaka, na msichana msaidizi wake. Mwaka mmoja wanafunzi walimpa msichana kura nyingi zaidi. Tuliketi walimu, tukabadilisha. Sababu iliyoandikwa ni kwamba jambo hilo halijapata kufanyika shuleni. Nami nilikuwamo katika kikao hicho, na mkono wangu sikuuinua kupinga.